Makopo mawili kila usiku: jibu kwa mama wa Wete

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mama, naishi Wete. Mwanangu wa kiume ana miaka 16, yuko kidato cha nne na mtihani unakaribia. Kila usiku kiasi cha saa tatu anakunywa makopo mawili ya enaji, vile vinywaji vya kuongeza nguvu, anasema bila ya hayo hawezi kukaa na vitabu. Wiki iliyopita alinambia moyo unamwenda mbio na mikono inamtetemeka. Baba yake anasema niache maneno mengi, enaji na kahawa ya barazani ni kitu kimoja, na yeye kahawa amekunywa tangu udogo. Muuza duka naye ananambia ndani mna vitamini. Kijana mwenyewe mwembamba, ana kilo 48. Nauliza, vinywaji hivi ni salama kwa umri wake? Na nikimkataza ghafla, sitamharibia mtihani?

JIBU: Waalaykumu ssalaam, dada yangu.

Nimelisoma swali lako mara mbili, na kilichonishtua zaidi ni ule mstari mdogo wa katikati, kwamba moyo unamwenda mbio na mikono inamtetemeka. Nitaanzia hapo. Hayo mengine yanaweza kungoja siku mbili tatu, hilo haliwezi.

Kuanzia usiku wa leo asinywe enaji hata funda moja mpaka apimwe. Mpeleke hospitali, iwe hapo hapo Wete au Chake Chake, na nenda naye mwenyewe, usimwache aende peke yake akajibu "sijambo" halafu akarudi. Daktari anahitaji kujua anakunywa nini, kiasi gani, saa ngapi, na kama moyo ulimwenda mbio akiwa amekaa na daftari au akiwa katoka kukimbia. Muombe amsikilize moyo, ampime presha na mapigo, na akiona haja amfanyie kipimo cha umeme wa moyo, kile kinachotoa karatasi yenye mistari ya kupanda na kushuka. Hakiumi, na dakika chache kimekwisha.

Uwezekano mkubwa ni kwamba watamkuta na moyo mzima uliozidiwa tu na kafeini, ile ya kuchangamsha iliyomo ndani ya enaji, kahawa na chai. Lakini mimi ni mfamasia, nimesimama nyuma ya meza ya dawa muda wa kutosha kujua kuwa wapo watoto wenye moyo mgonjwa na nyumbani hakuna anayejua. Ugonjwa unaonitia hofu zaidi kwa nchi zetu ni ule unaoanzia kooni. Mtoto anaumwa koo kwa sababu ya bakteria wanaoitwa streptokoki, anapewa asali na ndimu, koo linapoa, watu wanasahau. Kwa baadhi yao mwili ulipokuwa unapigana na wale bakteria ulizijeruhi na vali (milango ya kupitishia damu) za moyo wake mwenyewe. Hiyo ndiyo homa ya rumatiki. Miaka inapita mtoto anacheza mpira na kupanda minazi kama wenzake, kumbe vali zinaharibika kidogo kidogo. Wapo pia wanaozaliwa na hitilafu katika umeme wa moyo, na siku ya kwanza kujulikana huwa ndiyo siku waliyoanguka. Kwa watoto wa namna hii kafeini nyingi kwa mkupuo inaweza kuwa ndiyo sababu ya kuanguka.

Kwa hiyo jiulize, na umuulize bibi yake, maana wazee ndio wanaokumbuka: katika ukoo wenu au wa baba yake yupo aliyekufa ghafla akiwa kijana? Mwenyewe amewahi kuzimia akikimbia au akiogelea? Aliwahi kuvimba viungo akiwa mdogo, leo goti, kesho kifundo cha mguu? Likiwepo hata moja, mwambie daktari kabla hajakuuliza. Na akipata maumivu ya kifua, akizimia, akitapika bila kukoma, akichanganyikiwa au akishikwa na degedege baada ya kunywa, hiyo ni safari ya hospitali usiku huo huo.

Sasa swali lenyewe. Makopo mawili kwa usiku, kwa kijana wa miaka 16 mwenye kilo 48, si salama. Kopo moja la kila siku nalo simshauri. Sipo peke yangu katika hilo: madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao, walisema tangu mwaka 2011 kwamba vinywaji hivi havina nafasi katika chakula cha watoto na vijana. Hawakusema wanywe kidogo, wala wanywe siku za mtihani tu. Hata hivyo sitaki ulale kwa hofu. Kijana mzima wa afya aliyekunywa kopo moja dogo harusini hajala sumu. Hatari inakuja kwa kiasi, kwa saa anayokunywia, kwa vitu vingine anavyochanganya, na kwa moyo usiojulikana hali yake.

Chukua kalamu tupige hesabu, kwa sababu hesabu hii ndiyo itakayomshawishi kijana wa kidato cha nne kuliko kelele zetu. Mwaka 2015 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilitoa kipimo: mtu mzima mwenye afya anaweza kupata hadi miligramu 400 za kafeini kwa siku, na si zaidi ya 200 kwa mara moja. Kwa watoto na vijana kipimo kinakwenda kwa uzito wa mwili, miligramu 3 kwa kila kilo kwa siku. Mwanao ana kilo 48. Mara 3 ni 144. Hicho ndicho kikomo chake cha siku nzima, kwa kila kitu anachokula na kunywa.

Kopo la Red Bull la mililita 250 lina miligramu 80, na aina nyingi nyengine zinakaribiana na hapo, kiasi cha miligramu 30 hadi 32 kwa kila mililita 100. Makopo mawili madogo ni 160. Ameshapita kikomo kabla hatujahesabu chai. Hujanambia makopo yake ni madogo au makubwa, na hilo ni jambo la kwenda kuangalia leo: kama ni yale ya nusu lita, kila moja lina 160, na mawili ni 320, zaidi ya mara mbili ya kiwango chake. Ongeza sasa chai ya rangi ya asubuhi, kikombe kimoja kiasi cha miligramu 40 au 50 kulingana na ilivyokolea, na soda ya kola mchana, 30 na kitu.

Kisha kuna kitu ambacho kina mama wengi hawakihesabu, na mimi nakiona kila wiki. Kijana kakesha, kaamka na kichwa kinamgonga, mama anampa Panadol Extra mbili. Ile "Extra" ndiyo kafeini. Kila kidonge kina miligramu 65, viwili ni 130. Dawa peke yake imekaribia kulijaza lile fungu lake la siku, na usiku anaongeza makopo juu yake. Kama kichwa kinamuuma mpe Panadol ya kawaida, ambayo haina kafeini.

Utaniuliza, wangapi wanakunywa na hawafi? Wengi, na hilo lazima nilikubali. Lakini mwaka 2017, katika jimbo la South Carolina huko Marekani, kijana wa miaka 16, umri wa mwanao, alianguka darasani akafa. Mchunguzi wa vifo alieleza kuwa ndani ya saa mbili hivi alikunywa kahawa ya maziwa, soda kubwa yenye kafeini, na enaji, moyo ukapoteza mpigo. Walipomchunguza hawakukuta ugonjwa wowote wa moyo aliokuwa nao kabla. Ni tukio la nadra sana. Nalitaja kwa sababu ya ule mchanganyiko: vitu vitatu ambavyo kila kimoja kinauzwa kwa kila mtu, vilivyonywewa kwa haraka, na hakuna aliyevijumlisha.

Tuje kwenye kukesha, kwa sababu naona hapo ndipo penye mzizi wa jambo hili. Mwanao anaamini kopo linampa nguvu. Mwambie namna kafeini inavyofanya kazi. Tangu tunapoamka, ubongo unazalisha kitu kinachoitwa adenosini, na kadiri mchana unavyokwenda kinazidi. Kinatafuta viti vyake ndani ya ubongo, kikishakaa tunasikia uchovu na usingizi. Kafeini ina umbo linalofanana nacho, kwa hiyo inapanda gari mapema na kukalia viti vyote. Adenosini inabaki kituoni, na abiria wanazidi kujaa. Mtoto hasikii usingizi, lakini uchovu wake uko pale pale unaongezeka. Kafeini ikishuka, wote wanapanda kwa pamoja. Ndiyo yule kijana anayelala juu ya dawati saa nne asubuhi, mwalimu anadhani ni utovu wa adabu.

Na kafeini haishuki haraka. Kwa mtu mzima wa kawaida inachukua kiasi cha saa tano nusu yake tu kuondoka mwilini. Anakunywa miligramu 160 saa tatu usiku. Saa nane usiku bado anazo 80, yaani ni kama mtu aliyemwamsha usiku wa manane akamnywesha kopo zima. Adhana ya alfajiri inamkuta na zaidi kidogo ya 50. Hata akilala saa sita, anaupata usingizi mwepesi, wa kugeuka geuka. Upo utafiti wa mwaka 2013 ambamo watu wazima walipewa miligramu 400 muda wa saa sita kabla ya kulala, na usingizi wao ukapungua kwa zaidi ya saa nzima, wengine bila wao wenyewe kutambua vizuri.

Kijana wa umri huu anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Najua mama akisikia hivyo wakati wa mtihani anacheka. Lakini usingizi ndio wakati ambao ubongo unayapanga yale yaliyosomwa na kuyahifadhi. Aliyesoma biolojia mpaka saa saba usiku na kulala vibaya kwa muda wa saa nne tu, anakwenda kuketi mbele ya karatasi ya asubuhi akiwa ameyaona maneno lakini hayamjii. Wangapi tumewasikia wakitoka chumba cha mtihani, "nilikisoma kile kitu, nakiona na ukurasa wake, lakini kimenitoka"? Ninapoona makopo matupu nje ya dakhalia wakati wa kambi za mitihani roho inaniuma, kwa sababu wale watoto wana bidii ya kweli na wanaitumia vibaya bila kujua.

Baba yake mpe salamu zangu, na umwambie kwa heshima kwamba nusu ya maneno yake ni kweli. Kafeini ni kafeini, iwe imetoka kwenye dele la kahawa au kwenye kopo. Angekuwa mwanao anakunywa vikombe vinne vya kahawa chungu kila usiku ningemwambia vivyo hivyo aache. Ila baba akumbuke namna anavyokunywa yeye. Kikombe kidogo, kahawa ya moto, chungu, anaipuliza, anakula kipande cha kashata, anazungumza siasa na mpira, ndipo anakiomba cha pili. Ule moto na ule uchungu vyenyewe vinampunguza. Enaji ni ya baridi na tamu, kijana mwenye kiu anaishusha nusu lita kwa mafunda sita. Halafu baba ni mtu mzima, labda ana kilo zake 75 au 80, na kikomo chake ni 400. Mtoto ana 144.

Na kuna jambo la zaidi. Mwaka 2017 lilichapishwa katika jarida la Chama cha Moyo cha Marekani jaribio dogo la watu wazima 18 wenye afya. Siku moja walipewa karibu lita moja ya enaji yenye miligramu 320 za kafeini, siku nyengine wakapewa kinywaji chenye kafeini hiyo hiyo bila vile viungo vyengine vya enaji. Baada ya saa mbili, ule muda ambao moyo unajichaji upya kati ya pigo na pigo ulikuwa umerefuka zaidi kwa enaji kuliko kwa kafeini tupu, na baada ya saa sita presha ya waliokunywa enaji ilikuwa bado haijashuka vizuri. Watu 18 ni wachache, na lita moja ni nyingi. Sitalibeba jaribio hilo kama hukumu. Lakini linatosha kumjibu anayesema ni kitu kimoja, na walikuwa watu wazima, si watoto.

Muuza duka hakukudanganya kuhusu vitamini. Zimo, za kundi B. Mwanao akila dagaa, yai, maini au choroko anazipata hizo hizo, na zikizidi mwilini nyingi zinatoka kwa mkojo. Taurini, ile inayoandikwa kwa fahari mbele ya kopo, mwili wenyewe unaitengeneza, na samaki na pweza wa hapo kwenu wanayo. Kitu ambacho muuza duka hakukutajia ni sukari. Kopo la mililita 250 lenye sukari kamili lina kiasi cha gramu 27, karibu vijiko saba vya chai. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2015 sukari ya kuongezwa isizidi sehemu ya kumi ya nishati ya chakula cha siku, na ingekuwa bora ishuke chini ya sehemu ya ishirini, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Kopo moja limekwishapita hapo. Meno nayo yanaumia mara mbili, kwa sukari na kwa ukali wa asidi, hasa ukinywa usiku na kulala bila kupiga mswaki. Kama atakwambia basi atanunua yale yasiyo na sukari, kafeini yake ni ile ile.

Ukilishika kopo, ligeuze nyuma. Katika nchi za Umoja wa Ulaya kinywaji chenye kafeini zaidi ya miligramu 150 kwa lita lazima kiandikwe kwamba kina kafeini nyingi na hakishauriwi kwa watoto, wajawazito na wanaonyonyesha. Makopo mengi yanayofika kwetu yana onyo la namna hiyo, kwa herufi ndogo sana, mara nyengine kwa lugha ambayo mtoto hahangaiki kuisoma. Kwa hiyo mtengenezaji mwenyewe amekwisha kulijibu swali lako, ila amelijibu kimya kimya. Wenzetu wengine wamekwenda mbali zaidi: Lithuania ilikataza mwaka 2014 kuwauzia walio chini ya miaka 18, Latvia ikafuata 2016, Poland 2024. Mimi ningefurahi sana kamati za skuli zetu na masheha wakae na wenye maduka ya karibu na milango ya skuli walizungumze hili. Wenye maduka ni wazazi pia.

Mambo machache ya kuchanganya, nikuambie kwa haraka. Kama kijana ana pumu na anatumia aminofilini au teofilini, enaji aiache kabisa, dawa hizo zina undugu na kafeini na zinausukuma moyo kwa njia moja. Hata pampu ya salbutamoli inaongeza mapigo. Akiandikiwa siprofloksasini, ile wengi wanayoiita sipro, dawa hiyo inalizuia ini kuivunja kafeini, kwa hiyo kopo moja linakaa mwilini kama mawili. Mirungi, ingawa ni haramu kisheria, bado wapo vijana wanaoipata, na ikikutana na enaji presha inapanda juu ya presha. Na pombe ni vivyo hivyo: enaji inamficha mlevi asijijue kuwa kalewa. Simtuhumu mwanao. Nakuambia kwa sababu makopo haya yanapita mikono mingi maskani.

Msimu wa karafuu nao nina wasiwasi wake. Vijana wanakunywa enaji asubuhi na tumbo tupu, wanapanda mkarafuu. Mkono unaotetemeka si wa kushikia tawi. Kama wako anakwenda kuchuma siku za mapumziko, apande na uji tumboni na chupa ya maji chini ya mti.

Ramadhani ikifika, tafadhali usimruhusu kunywa enaji kwenye daku. Vijana wanaamini itawabeba mpaka magharibi. Inawabeba mpaka saa tatu asubuhi, kisha sukari inashuka, kiu inaanza mapema, na mchana kichwa kinapasuka kwa sababu mwili uliozoea kafeini umeikosa. Maji, tende, uji wa mtama, ndizi za kuchemsha: hivyo vinakaa.

Hilo la kichwa linanileta kwenye swali lako la mwisho, kumkataza ghafla. Hofu yako ina msingi. Niliwahi kuwa na mteja, kijana mchezaji wa mpira, aliyekuja dukani kutaka dawa ya kichwa kila Jumapili. Wiki nzima mzima, Jumapili mgonjwa. Nilipomkalisha tukazungumza, nikagundua Jumatatu hadi Ijumaa anakunywa enaji kazini, Jumamosi na Jumapili hanywi. Mtu aliyezoea kafeini akiikata, kichwa kinaanza kuuma ndani ya saa 12 hadi 24, siku ya pili ndiyo mbaya zaidi, na inaweza kuchukua wiki nzima kupoa. Anakuwa mzito, mkali, hana hamu ya kitu. Ukilifanya hilo wiki ya mtihani utajuta.

Kwa hiyo mkatie enaji yote, lakini kafeini usiikate yote kwa siku moja. Daktari akishamwona na akikubali, mpe kikombe cha chai ya rangi asubuhi na kimoja baada ya adhuhuri. Hapo anapata kama miligramu 80 au 100, ndani ya kikomo chake, na kichwa hakitampasua. Baada ya siku nne au tano punguza ukolezi wa kile cha mchana, kisha kiondoe. Baada ya saa tisa alasiri asipate kafeini ya aina yoyote. Jioni akitaka kitu cha moto, mchaichai au tangawizi na maziwa.

Saa zake za kusoma nazo zihame. Mkae naye, wewe na baba yake, mpange: baada ya Isha asome mpaka saa tatu, simu ikae chumbani kwenu, alale. Aamke saa kumi na moja, asali, na akitoka msikitini aendelee kusoma. Kichwa cha alfajiri kilicholala kinashika kuliko cha saa saba usiku. Siku za mwanzo ataona anapoteza muda. Mpe siku kumi. Mchana akirudi skuli ajilaze dakika 20, isizidi hapo, ndipo aende tuisheni. Na atazame anakula nini asubuhi. Watoto wengi wanaosema hawana nguvu wanatoka nyumbani na chai na andazi moja. Muhogo au viazi vitamu vya kuchemsha, yai, kipande cha samaki wa jana, embe au papai, vinamfikisha adhuhuri. Kwa pesa ya makopo mawili kila siku, dada yangu, unapata mayai ya wiki.

Usimwambie mbele ya wadogo zake wala mbele ya marafiki zake. Yuko katika umri wa kutaka kuonekana mwanamme, na hilo kopo kwake ni sehemu ya uanamme huo, ndivyo lilivyotangazwa. Mpe ile hesabu ya 144 aipige mwenyewe kwa mkono wake, ayasome makopo yake, ajumlishe. Kisha muulize anaogopa nini kuhusu mtihani. Huenda ukasikia kwamba kuna somo limemshinda tangu kidato cha tatu na hajapata wa kumwambia, na hilo linataka mwalimu, maana hakuna kopo litakalolimaliza.

Mkishatoka hospitali niandikie presha yake ilikuwa ngapi, mapigo mangapi kwa dakika, na makopo aliyokuwa akinywa ni ya mililita ngapi. Kama kuna dawa yoyote anayotumia, hata ya kienyeji, nitajie pia jina lake au nipigie picha ya boksi.